Vitabu vya picha na mapishi mepesi ya nyumbani: kitabu kitangulie au jiko?

Swali: Mama wa Sakina (Arusha)

Habari zenu wazazi na walimu. Nina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili na mdogo ana miaka minne. Mwishoni mwa juma huwasomea kitabu cha picha, kisha tunaingia jikoni kutengeneza chakula chepesi kinachohusiana na hadithi tuliyosoma. Nimelipenda jambo hili kwa sababu mkubwa, ambaye bado anahangaika na kusoma, huwa hasiti hata kidogo anapotakiwa kunisomea kiasi cha unga kinachohitajika, na mdogo, ambaye hawezi kutulia mpaka mwisho wa hadithi, hutulia akipewa kitu cha kukoroga.

Hata hivyo nimekwama. Vitabu vingi tulivyo navyo tuliletewa na ndugu wanaoishi nje ya nchi, navyo vimejaa keki zenye krimu, biskuti za kuokwa na matunda ambayo katika Soko la Kilombero ama hayapo, ama yapo kwa bei inayomfanya mtu aendelee na safari yake. Sina oveni, nina jiko la gesi na jiko la mkaa, basi. Isitoshe, pindi unga unapofunguliwa, kitabu huwa kimemaliza kazi yake: kinasukumwa pembeni, kinadondokewa na mafuta, na jioni nikiuliza hadithi ilihusu nini, ninaelezwa habari za chapati tu.

Ningependa kujua kutoka kwa waliokwisha kulifanya jambo hili kwa muda mrefu: je, kitabu kisomwe kwanza au baada ya kupika? Ni hadithi za namna gani zinazokubaliana na mapishi ya kwetu huku Kaskazini? Na mtoto wa miaka minne apewe kazi ipi ambayo ni kazi kweli, isiwe ya kumzuga tu ili asinisumbue?

Jibu: Mwalimu Mstaafu (Kibosho, Moshi)

Mama wa Sakina, hongera kwa kazi hiyo. Nimefundisha elimu ya awali na darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na sasa ninao wajukuu wanaonijazia jiko kila likizo, kwa hiyo swali lako nimelisoma kwa furaha.

Nionavyo mimi, kukosa oveni si kikwazo chako kikubwa. Kikwazo ni kwamba wengi wetu huchagua pishi kwa kutazama chakula kilichochorwa kitabuni, na hatutazami kitendo kinachofanyika katika hadithi. Chukua hadithi ya mtoto anayemwokea bibi yake keki. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba mtoto huyo anapima, anakoroga, anasubiri kwa shida, halafu anampelekea mtu mwingine kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Vitendo hivyo vinne vinapatikana katika vitumbua, katika maandazi, hata katika uji. Na kama mtoto anang'ang'ania keki yenyewe, basi mama zetu wameoka keki miaka yote katika sufuria juu ya jiko la mkaa, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, nazo zikaumuka bila taabu. Swali la kujiuliza unapofunga kitabu ni hili: huyu mhusika alifanya nini kwa mikono yake, na ni wapi jikoni kwangu mtoto anaweza kukifanya kitendo hichohicho?

Nitakupa mfano wa hadithi ambayo haihitaji kununuliwa. Wazee wa Uchaggani husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba makaa. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu kinuni. Kibo akampa kaa la moto, na kwa ukarimu akampa na ndizi. Zilimnogea mno Mawenzi, hata njiani akauzima moto kwa makusudi, akarudi na maneno yaleyale, akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu, Kibo alishikwa na hasira, akamtandika kwa mchi. Na ndiyo maana hadi leo Kibo, mwenye mita 5,895, ana kilele kilichotulia, ilhali Mawenzi, mwenye mita 5,149, amebaki na kichwa kilichochongoka na kuvunjikavunjika. Masimulizi hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini mchi haukosekani. Asubuhi ambayo wingu halijapanda, mtoto wa Moshi akitazama mlima huwaona wote wawili, Kibo kushoto na Mawenzi kulia, kwa hiyo picha ya kwanza ya kitabu tayari iko nje ya dirisha. Ninyi wa Arusha mtalazimika kuichora.

Hadithi hiyo imejaa mambo ya jikoni: moto, kinu, mchi, ndizi, ukarimu na ulafi. Kitendo chake kikuu ni kutwanga, na pishi linalokijibu ni mtori. Nunua ndizi mshare mbichi, kwa kuwa hupondeka vizuri. Kumenya umenye mwenyewe, ukiwa umepaka mafuta mikononi kwa sababu ya utomvu, lakini kazi ya kutumbukiza vipande katika maji mwachie wa miaka minne. Mwambie aache kipande kimoja mezani kwa makusudi. Baada ya muda ataona kimekuwa cheusi kwa kukaa hewani, na vilivyo majini bado ni vyeupe, na hapo utaulizwa maswali mengi kuliko uliyojiandaa kuyajibu. Nyama yenye mifupa itangulie kuchemka mpaka ilainike, ndipo ndizi, kitunguu na nyanya zifuate. Zikiiva, epua, toa kiasi katika bakuli pana, acha zipoe hadi ziwe vuguvugu, kisha mkabidhi mtoto mwiko aponde. Anapoponda, mwulize: Kibo alitwanga polepole au kwa nguvu? Mawenzi alisema nini alipobisha hodi mara ya pili? Je, uso wake ulionekanaje? Akimaliza, rudisha sufuriani, ongeza maziwa kidogo, chemsha tena.

Sasa, kuhusu kipi kitangulie. Nimefikia uamuzi kwamba mahali pa kitabu ni katikati ya pishi. Karibu kila pishi lina muda wa kusubiri, na sisi tumezoea kuuona muda huo kuwa hasara. Unga wa chapati ukishakandwa hutaka kupumzika takriban nusu saa ili ulegee na usukumike bila kurudi nyuma. Ndizi za mtori hutaka muda wake motoni. Unga wa maandazi uliotiwa hamira hutaka kuumuka. Nusu saa hiyo ndiyo nusu saa ya kitabu. Mikono imeoshwa, kila mtu ameketi, na hakuna anayetaka kuondoka kwa sababu chakula chake kiko palepale. Hadithi uisome mara ya kwanza siku moja kabla, bila kutaja jiko kabisa, ili ijulikane. Siku ya kupika uisome tena katika muda huo wa kusubiri, na utashangaa jinsi watoto wanavyokukatiza kukuonyesha mambo ambayo jana hawakuyaona. Mtoto aliyekanda unga kwa mikono yake huitazama picha ya mtu anayekanda kwa jicho la fundi.

Jibu: Baba wa Njiro (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Nimeyapenda uliyoyaandika, hasa habari ya kusubiri, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu mwelekeo wa safari yenyewe.

Ninyi nyote mnaanza na kitabu halafu mnatafuta pishi. Nyumbani kwetu tunafanya kinyume: tunaanza na chakula ambacho kingepikwa siku hiyo hata kama vitabu visingekuwapo duniani, kisha ndipo tunatafuta hadithi. Sababu ni ya kifedha kwanza, sitaficha. Ukianza na kitabu, utajikuta unanunua siagi, mayai na vitu vingine kwa ajili ya zoezi, halafu bado chakula cha usiku kinakusubiri na gesi inazidi kuisha. Ukianza na makande ya Jumamosi, huna gharama ya ziada hata senti. Mahindi na maharage yanahitaji kuchambuliwa: yamwagwe kwenye ungo, mtoto atafute mawe, punje zilizooza na takataka. Hiyo ndiyo kazi ya kweli aliyoiulizia mama, kwa maana akiifanya vibaya sote tutaisikia menoni. Hadithi yoyote yenye kuku anayedonoa, chungu wanaobeba punje au sungura anayeiba shambani inaingia hapo bila kulazimishwa.

Na kama Mwalimu anatafuta muda wa kusubiri, basi makande ya Arusha ndiyo yenyewe. Mji wetu uko katika mwinuko wa mita zipatazo 1,400, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo nafaka kavu huchukua muda mrefu kulainika kuliko ilivyo Dar es Salaam au Tanga. Tunasoma vitabu viwili na bado sufuria inaendelea kutokota. Mkwe wangu wa pwani hulalamika kwamba maharage ya huku ni ya zamani. Nimemwacha aamini hivyo.

Jambo langu la pili ni onyo. Si kila kitabu kiishie jikoni. Mtoto akizoea kwamba hadithi huleta kitu cha kula, ataanza kuchungulia ukurasa wa mwisho kuangalia kama kuna chakula, na hadithi ya mtoto aliyempoteza mbwa wake, ambayo haina hata kipande cha mkate ndani yake, itaonekana kuwa haifai. Sisi tumeweka kitabu kimoja kwa juma kuwa cha jikoni, na vingine vinasomwa kitandani, taa ikiwa imepunguzwa, pasipo mwiko wala sahani.

Jibu: Muuguzi wa Pasua (Moshi)

Nimesoma michango yote na sitaki kuwatisha wazazi, kwa maana mtoto anayekua bila kugusa mwiko si salama zaidi ya yule anayefundishwa mapema. Lakini kwa kazi yangu ninawaona watoto walioungua, na wengi wao huunguzwa na maji ya moto, uji, chai au mafuta, mara nyingi kwa sababu mpini wa sufuria ulitokeza mahali ambapo mkono mdogo unaufikia. Mipini ielekezwe ndani, yaani upande wa ukutani. Mafuta yanayochemka ya maandazi na vitumbua yabaki kuwa ya mtu mzima peke yake, na watoto wakae mbali nayo kwa hatua kadhaa, hata kama wao ndio waliokata umbo la maandazi hayo. Mfuniko ufunuliwe na mzazi, kwa kuelekeza mvuke upande wa pili. Ikitokea ajali, mahali palipoungua pawekwe chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila asali, bila mafuta, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa, lina malengelenge, au liko usoni, mikononi au sehemu za siri.

Kuhusu jiko la mkaa, miezi ya Juni na Julai baridi ya Arusha hutushawishi tuliingize ndani na kufunga madirisha ili chumba kipate joto wakati tunasoma. Tafadhali msifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hupoteza fahamu wakidhani wamepitiwa na usingizi. Jiko likae nje au mahali penye hewa ya kutosha, na hadithi isomwe mbali nalo.

Kwa vyakula vyenyewe, karanga nzima wasipewe watoto walio chini ya miaka mitano kwa kuwa huwapalia. Zisagwe au zitwangwe, na Mwalimu ameshatupatia hadithi ya mchi. Asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa, hata kama katika kitabu wanyama wote wanaila kwa furaha; wengi wenu mna mdogo mwingine mgongoni wakati wakubwa wanapika. Unga mbichi na mchanganyiko wenye mayai mabichi visionjwe. Maharage mekundu yaliyolowekwa yasitafunwe kabla ya kuchemshwa sawasawa, kwa maana yana sumu ya asili inayoondolewa na moto mkali tu.

Na kwa kuwa Baba wa Njiro ametaja makande, niongeze hili: yasitiwe magadi ili yaive haraka, angalau katika sufuria ya watoto. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro tayari yana madini mengi ya floraidi, magadi huongeza mengine juu yake, na meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya fizi katika miaka minane ya mwanzo. Madoa ya kahawia tunayoyaona kwa vijana wetu yalianzia huko. Yalowekeni usiku kucha, mmwage maji ya kulowekea, na muda mtakaosubiri mwongeze kitabu cha tatu.

Jibu: Mpenda Maktaba (Arusha)

Hakuna aliyejibu sehemu ya vitabu vyenyewe, kwa hiyo nijaribu mimi.

Kwanza, si lazima vitabu vyote vitoke nje. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao wengi huujua kwa jina la Children's Book Project, umekuwa ukisaidia kutolewa kwa vitabu vya watoto vya Kiswahili tangu mwaka 1991, na vingi kati ya hivyo vina mandhari ya shamba, soko na jiko ambayo mtoto wetu anayatambua bila kuelezwa. Maktaba za mikoa za Arusha na Kilimanjaro ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nendeni na watoto, wachague wenyewe. Pia kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini ambao hutoa hadithi fupi za picha bila malipo kwenye intaneti, nyingi zikiwa katika Kiswahili na zimepangwa kwa ngazi za usomaji. Unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapisha kwa karatasi za kawaida, na hapo suala la mafuta kudondokea kitabu halina uzito tena, kwa sababu ukurasa ukichafuka unachapisha mwingine.

Pili, baadhi ya vitabu vya nje vinatufaa sana kuliko tunavyodhani. Mfano ninaoupenda ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Kinamhusu msichana wa Kenya anayempelekea rafiki yake Akeyo matunda saba ndani ya kikapu alichojitwika kichwani: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi na pasheni. Njiani wanyama wanayachukua moja baada ya jingine, yeye hana habari, hadi mbuzi mmoja anapokata kamba na kuugonga mti wa machenza, na kikapu kikajaa upya. Matunda yote hayo yanapatikana kwetu, ingawa embe lina msimu wake na nje ya msimu unaweza kuweka papai bila mtoto kulalamika sana. Hakuna moto, hakuna mafuta, Muuguzi hatakuwa na la kusema.

Lakini mkikiunganisha na saladi ya matunda kwa haraka mtakipoteza, na hapa ninakubaliana kabisa na Mwalimu kuhusu kitendo. Katika kitabu hicho hakuna anayekata matunda. Kinachotendeka ni kutoweka: msomaji anaona kila mnyama anachukua nini, na Handa haoni. Kwa hiyo kabla ya kisu kuguswa, panga matunda katika kikapu, mkubwa asome, na mdogo awe ndiye mnyama: kila ukurasa achomoe tunda linalostahili kimyakimya na kuliweka kwenye sinia la kukatia. Hapo ndipo hesabu inapoingia bila kuitwa, saba, sita, tano, na mtoto anacheka kwa sababu ni yeye anayejua siri. Likibaki kapu tupu, mwagia machenza. Halafu sasa kateni, na mdogo apewe ndizi, papai na parachichi pamoja na kisu cha kupakia siagi, maana hivyo hukatika bila makali. Pasheni ikamuliwe juu ya bakuli mwishoni. Uchachu wake hufanya ndizi na parachichi visiwe vyeusi upesi, na mkubwa anaweza kulinganisha jambo hilo na zile ndizi za mtori zilizolindwa na maji.

Kuhusu hoja ya Baba wa Njiro, mimi nipo katikati. Anaposema tuanze na sufuria ya kawaida, nakubali kwa asilimia kubwa. Lakini mara chache kitabu kiachwe kitusukume kwenda kununua tunda ambalo hatujawahi kulila. Soko la Tengeru siku ya gulio, mtoto akiwa na orodha aliyoichora mwenyewe kutoka kitabuni, ni somo ambalo makande hayawezi kulitoa.

Mama wa Sakina (Arusha)

Nawashukuru sana. Mwalimu, shikamoo. Nimeamua nianze na mtori na hadithi ya Kibo na Mawenzi, na makande ya Baba wa Njiro yatafuata. Muuguzi, jiko la mkaa limekwisha kutoka nje.

Nina jambo moja lililobaki, nalo ni la utekelezaji. Wote wawili wanataka kushika mwiko. Hakuna anayetaka kushika kitabu wala karatasi ya maelekezo. Mkubwa nikimwambia asome, anaona ni adhabu, na mdogo analia kwamba yeye hajui kusoma kwa hiyo apewe mwiko moja kwa moja. Je, niwapangie zamu tu, au kuna njia iliyo bora?

Mwalimu Mstaafu (Kibosho, Moshi)

Marahaba, mama. Zamu zitakusaidia, lakini haziondoi tatizo, kwa sababu kwa sasa mwenye karatasi hana mamlaka yoyote. Mpishi anaendelea na kazi awe amesomewa au hajasomewa. Badilisha kanuni: mpishi haruhusiwi kugusa kitu kinachofuata mpaka msomaji akitaje. Msomaji akinyamaza, mwiko unasimama. Nakuhakikishia kwamba baada ya muda mfupi watagombania karatasi, na itakubidi upange zamu za huko pia.

Ili mdogo naye apate kuwa msomaji, karatasi ya maelekezo iwe ya picha. Chora vikombe viwili vya unga, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, robo tatu ya kikombe cha maji ya vuguvugu, kisha mikono inayokanda, kisha saa ya ukutani kwa muda wa kusubiri, na chini ya kila mchoro mkubwa aandike neno au sentensi yake. Hizo ni chapati za kutosha kwa majaribio. Mdogo atasoma picha, mkubwa atasoma maandishi, na wote wawili watakuwa wanasema jambo lilelile. Mkubwa akikosea herufi usimsahihishe siku hiyohiyo. Siku mtakapopika tena na mdogo wake akashindwa kuelewa, atasahihisha mwenyewe. Kwa uji wa ulezi fanya vivyo hivyo, ila hakikisha mchoro wa unga kukorogwa katika maji baridi unatangulia mchoro wa sufuria inayochemka. Ukitaka waone umuhimu wa mpangilio, waache waone unga mkavu ukitupwa katika kikombe kimoja cha maji ya moto, wewe ukiwa ndiye unayemimina. Madonge yatakayotokea yataeleza kwa nini hatua ya kwanza ni ya kwanza, na ni kanuni ileile inayowafanya waelewe kwa nini huwezi kusoma ukurasa wa mwisho wa hadithi kabla ya mengine.

Kwa hadithi ya Kibo na Mawenzi, usitafute kitabu dukani. Chukua karatasi nne, zikunje katikati pamoja, zishone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo, na utapata kurasa 16. Mdogo achore mlima na mchi, mkubwa aandike, na kurasa mbili za mwisho waziache kwa ajili ya maelekezo ya mtori. Zikidondokewa na mtori, waziache hivyo hivyo.